Mchuzi wa Mvua ya Mawe

Juzi nilikuwa nikipanda ngazi za nyumba ninayoishi hapa Kakamega mjini, mfuko wa sukuma wiki mkononi, nikasimama ghafla kama mtu aliyeitwa jina. Jirani yangu alikuwa ameacha mlango wazi na sufuria yake ilikuwa ikitokota. Omena. Harufu ya omena, dagaa wa ziwani, sisi tuliokulia upande huu hatuhitaji kuelezwa. Zikikaangwa na kitunguu na nyanya, boma zima linajua mnakula nini. Lakini hizi zilikuwa zikichemka polepole katika maji matupu, bila tone la mafuta, na kipande cha tangawizi ndani. Harufu hiyo nilikuwa nimeinusa katika nyumba moja tu maishani mwangu. Jirani akanieleza kwamba daktari amemkataza mafuta. Nikampa pole, nikaingia kwangu, nikakaa kitandani na ule mfuko wa mboga magotini, nikawa mtoto tena, na sielewi kitu.

Kutoelewa ndiko ninakokukumbuka zaidi. Watu wakisimulia utoto wao husema "baadaye nikaja kuelewa." Mimi hiyo baadaye nimeisubiri, na imekuja nusunusu.

Boma letu lilikuwa Navakholo, miwa mbele na mahindi nyuma. Baba aliendesha trekta la kubeba miwa. Wiki nzima alilala karibu na kiwanda, akirudi Jumamosi na nguo zinazonuka molasi. Mama alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa barazani na mlio wake ndio uliokuwa saa yetu: ukianza ni asubuhi, ukikoma ni chakula. Upande wa chini wa boma kulikuwa na nyumba ya vyumba viwili ambayo Baba aliijenga akitumaini kuwapangisha walimu. Mwalimu aliyekuja kuipanga alikuwa mwanamke kutoka Japani.

Aliitwa Haruko. Alikuwa amejitolea kufundisha sayansi katika shule ya sekondari ya wasichana iliyokuwa mwendo mfupi kutoka kwetu. Kiswahili alikuwa amejifunza darasani mahali fulani, na kilikuwa kimepigwa pasi. Siku ya kwanza aliniinamia, mimi mtoto mwenye kamasi, akasema, "Shikamoo." Kwetu hatukuwa na mazoea na neno hilo. Nikajibu, "Mzuri."

Kilichonichanganya zaidi ni kwamba aliongea kama nyanya yangu. Kukhu, mama yake Baba, aliishi ng'ambo ya shamba la miwa, na kwake herufi ya ra na ya la zilikuwa kitu kimoja. Alisema "lafiki" na "balabala", na akialikwa arusini alisema anaenda kwenye kalamu. Mwalimu Haruko naye alisema "chakura", na akimaliza kusahihisha vitabu aliweka karamu mfukoni. Mimi, Nafula, aliniita Nafura. Kwa akili yangu, watu wanaokosea maneno mahali pamoja ni lazima wawe wa ukoo mmoja. Niliamini Japani ni mahali fulani kupita Likuyani, ambako tuna ndugu ambao hatutembeleani nao sana. Mama aliponiambia ni ng'ambo ya bahari, nilidhani anaficha ugomvi wa kifamilia.

Jumapili moja baada ya kanisa Mwalimu alikuja kuazima kibao na kifimbo cha chapati. Alitaka kupika rameni, akasema, yaani tambi za kwao katika mchuzi. Alikuwa amejaribu mara nyingi na tambi zikakataa, zikawa kama uji. Unga wake ulihitaji kitu chenye ukali wa magadi, lakini magadi ya dukani yalikuwa yameufanya mchungu. Mama akafikiri kidogo, akaingia jikoni, akatoka na kikombe cha munyu wetu wa kienyeji, yale maji ya majivu ya maganda ya maharagwe tunayotia kwenye mrenda. Mwalimu akayanusa. Akayatia kwenye unga, akakanda, na donge likaanza kugeuka manjano mikononi mwake. Akapiga kelele kwa lugha yake, halafu kwa yetu: "Ndiyo hii! Mama Nafura, ndiyo hii!"

Mchuzi aliutengeneza kwa mifupa ya kuku na omena, hizo hizo za sokoni, akizitoa vichwa moja moja kwa subira ambayo Mama aliitazama kwa huruma. Mafuta ya kuku aliyaengua yote kwa kijiko. Na alipokuwa akiengua alitueleza kwamba kwao kila mji una rameni yake. Kaskazini, Sapporo, kuna theluji, kwa hiyo wanatia rojo la soya lililochachishwa, na siagi, na mahindi.

"Mahindi?" Mama akacheka. "Basi hao ni watu wa Lugari."

Kusini, mji wa Hakata, wanachemsha mifupa ya nguruwe mpaka mchuzi unakuwa mweupe kama maziwa.

"Na nyinyi wa kwenu?"

"Mimi ni wa Yamagata. Ni bonde, milima iko kila upande. Wakati wa kiangazi joto linakaa ndani kama kwenye sufuria. Kwa hiyo rameni yetu ni baridi. Mchuzi baridi, na barafu ndani yake."

Mama akaweka chini kikombe. "Mchuzi," akasema. "Na barafu."

"Ndiyo. Ndiyo maana naondoa mafuta. Ya kuku yanaganda. Mama yangu ana mkahawa mdogo, watu wanapanga foleni mpaka barabarani. Sasa hivi kwetu ni kiangazi."

Alisema hivyo mvua ikipiga mabati hata ikabidi apaze sauti. Nilitoka nje kuangalia. Mawingu yalikuwa yameketi juu ya miwa, matope hadi kwenye vifundo, nami nimevaa sweta. Nilirudi ndani nikamtazama kwa makini. Mtu anayesema ni kiangazi huku kuku wamejikunyata chini ya ghala, ama ni mwongo ama anaona kitu ambacho wengine hatukioni. Nikauliza swali lililokuwa likinisumbua, kama mtu wa Sapporo anaruhusiwa kuoa mtu wa Yamagata, maana nilidhani hizo rameni ni koo za watu.

Mwalimu akacheka mpaka akashika meza. "Anaruhusiwa," akasema. "Lakini jikoni watagombana."

Sijui ni muda gani ulipita kati ya siku hiyo na cherehani kunyamaza. Najua tu kwamba iliponyamaza, boma lilipoteza saa. Mama akawa mtu wa kitandani. Harufu ya kitunguu ilimtapisha. Obusuma, ugali wetu, hata kuuona ukisongwa, ulimtapisha. Chai ya maziwa, ambayo aliipenda kuliko watu wengine, niliipeleka nikairudisha. Uso wake ukawa na rangi ya jivu. Nilipouliza ana nini, Baba alisema homa. Jirani mmoja alisema malaria ya tumbo. Muuguzi alikuja kwa boda, akaingia, akatoka, akanipapasa kichwa. Kupapaswa huko kuliniogopesha kuliko kitu chochote.

Sasa najua kwamba Mama alikuwa mjamzito, na kwamba nyuma ya migomba yetu kulikuwa na matuta mawili madogo ya watoto walionitangulia, ambayo mimi nilidhani ni ya viazi vilivyokataa kuota. Ndiyo sababu hakuna aliyetaka kulitamka neno lenyewe. Waliogopa kuishtua mimba. Lakini mimi sikuambiwa. Siku moja nilisimama nyuma ya pazia la mlango wa chumba na nikamsikia Mama akimwambia Mwalimu, kwa sauti nyembamba, "Usimwambie Nafula. Ni mdogo bado." Na Mwalimu akajibu, "Sitamwambia."

Mtoto akisikia maneno hayo nyuma ya pazia, anajaza mwenyewe pale palipoachwa wazi. Mimi nilijaza kifo.

Ndipo Mwalimu alipoanza kuleta bakuli. Kila alasiri, akitoka shule, alipitia kwenye duka la soda sokoni, wakamgandishia maji katika karatasi za plastiki, akaja mbio ili yasiyeyuke. Alipika tambi zile za manjano, akazisuuza kwa maji ya kisima, akazitia kwenye mchuzi uliopoa, juu yake matango yaliyokatwa nyuzinyuzi, nusu yai na simsim. Na barafu. Bakuli lilitoa jasho kwa nje. Na Mama, ambaye alikuwa hawezi kumeza hata maji, alishika lile bakuli baridi kwa mikono miwili, akaliweka kwanza shavuni, akala.

Ungetarajia nifurahi. Nilifurahi siku ya kwanza. Siku ya pili nilimgusa mkono baada ya kula na nikaukuta baridi. Nilikuwa nimewahi kugusa mkono wa babu kabla ya kuzikwa. Baridi ile niliifahamu.

Halafu niliona picha. Nilitumwa kurudisha bakuli kwa Mwalimu, nikamkuta mlango wake uko wazi na yeye amepiga magoti mbele ya meza ndogo. Mezani kulikuwa na picha ya mwanamke mzee aliyevaa aproni, na mbele ya picha bakuli dogo. Tambi za manjano. Tango. Kipande cha barafu kikiyeyuka. Mwalimu alikuwa amekutanisha viganja vyake na anaongea taratibu, kama unavyoongea na mtu aliyeketi karibu yako.

"Ni nani huyu?" nikauliza.

"Mama yangu," akasema bila kugeuka. "Amerudi nyumbani. Siku hizi ni siku zao za kurudi."

"Amerudi hapa?"

Akafikiri sana. "Sijui kama anaijua njia," akasema. "Lakini nimempikia."

Sikuona mtu mwingine chumbani. Ila picha, na bakuli, na, jikoni mwake, sufuria ileile iliyokuwa imemlisha Mama. Kwa hiyo nikapanga mambo kama mtoto anavyopanga. Kulikuwa na mama aliyekuwa picha. Mama huyo alikula tambi baridi. Mama yangu sasa anakula tambi baridi, na mikono yake inapoa. Nilikimbia nyumbani, nikapanda juu ya kiti cha sebuleni, nikaitoa ukutani picha ya arusi ya Baba na Mama, nikaificha chini ya godoro langu. Kama hakuna picha, niliwaza, hakuna mahali pa kumwekea bakuli.

Kesho yake nilivuka shamba la miwa kwenda kwa Kukhu.

Kukhu alikuwa akipura maharagwe. Nilimwambia yote kwa pumzi moja: kwamba Mwalimu anampa Mama mchuzi wa barafu, kwamba ana picha inayokula, kwamba Mama anapoa. Kukhu alijua Mama ana mimba, alijua na yale matuta mawili. Kitu ambacho hakujua ni barafu. Akaweka chini fimbo yake ya kupuria.

"Tumbo ya mtu wa hivyo inatakanga kitu moto," akasema. "Balafu! Balafu ni ya kuwekea samaki." Akajifunga leso kiunoni, na mimi nikajua mtu ataisikia siku hiyo.

Tulipofika, stima ilikuwa imepotea tangu usiku uliotangulia. Duka la soda halikuwa na barafu, na Mama hakuwa amekula chochote. Alilala akitazama ukuta. Mwalimu alikuwa jikoni mwetu na tambi zake zimeiva na mchuzi wake uko vuguvugu, amesimama tu, anautazama kama mtu aliyepotelewa na ufunguo.

"Mulembe," Kukhu akamsalimu, maana hata mtu unayekwenda kumgombeza husalimiwa kwanza. Halafu akaanza. Aliongea Kiluhya, akachanganya na Kiswahili pale alipokumbuka, na mimi nikawekwa katikati kuwa mkalimani, mimi ambaye sikuelewa wanaongelea nini kwa lugha yoyote ile.

"Muulize, huyu mke wa kijana yangu anamlisha baridi kwa nini?"

"Mwalimu, Kukhu anauliza kwa nini unampa baridi."

"Kwa sababu baridi haina harufu," Mwalimu akasema. "Cha moto kina harufu, anatapika. Kwetu mtu akishindwa kula wakati wa joto, tunampa baridi. Mama yangu alifanya hivyo na mimi, nilipokuwa mgonjwa."

Nikamgeukia Kukhu. "Anasema mama yake pia alikuwa mgonjwa."

"Mama yake iko wapi?"

"Ni picha," nikasema. "Iko pale nyumbani. Inakula."

Kukhu akanitazama mimi, akamtazama Mwalimu. Sauti yake ikashuka. Akaacha kunitumia, akaongea mwenyewe kwa Kiswahili chake. "Mwalimu. Mama yako amekufa?"

Mwalimu akaitikia kwa kichwa.

"Lini?"

"Muhula huu. Kaka yangu alipiga simu. Alikuwa amesubiri, hakutaka niache wanafunzi wangu njiani. Nilipopata habari walikuwa wameshamchoma."

Kukhu akasogea. "Wameshamfanya nini?"

"Kumchoma. Kwetu hatuziki mwili. Tunachoma, tunachukua mifupa."

"Kama shamba ya miwa?" Kukhu akauliza, na nafikiri aliuliza kwa dhati, maana hicho ndicho kitu pekee alichowahi kuona kikichomwa kwa makusudi na kwa heshima.

Mwalimu hakuelewa. "Ndiyo," akasema kwa adabu.

Nilirudi nyuma mpaka mlangoni. Lakini Kukhu hakushangaa mbele yake. Alivuta kigoda akaketi, mikono imelegea mapajani, ile hasira yote imemtoka kama hewa. "Na wewe ulililia wapi?" akauliza. "Nani alikuja kukaa na wewe?"

"Hakuna," Mwalimu akasema. "Sikumwambia mtu. Mama Nafura ni mgonjwa. Nilienda darasani."

"Hukulia."

"Bado."

Hapo ndipo mawe yalipoanza. Kwetu mvua ya mawe haibishi hodi. Bati lililia kama limemwagiwa kokoto, na uwanja ukawa mweupe mbele ya macho yetu. Kukhu alianza kulalamika kuhusu maharagwe aliyoyaacha nje. Mwalimu hakulalamika kuhusu chochote. Alinyanyua sufuria tupu akaivaa kichwani kama kofia, akachukua karai letu la kufulia, akatoka mbio uwanjani.

"Amerukwa na akili," Kukhu akasema.

Alikuwa amechuchumaa katikati ya uwanja, mawe yakilia kwenye ile sufuria ting ting ting, na anazoa kwa mikono miwili, anajaza karai. Aliteleza, akaanguka kwa magoti, akaendelea kuzoa. Na mimi, kwa sababu ambayo hata leo siwezi kuieleza, nilitoka kumsaidia. Nilikuwa nimekuja na nyanya yangu kumzuia mwanamke yule asimlishe mama yangu baridi, na sasa niko nje bila viatu, mawe yananiuma mgongoni, namwokotea baridi yenyewe. Labda ni kwa sababu watoto wote hupenda mvua ya mawe. Labda niliona uso wake.

Tuliyasuuza kwa maji safi. Mwalimu akatia konzi mbili kwenye mchuzi, akaonja, akatia tena. Kukhu alisimama mlangoni mwa chumba akimtazama Mama akinyanyuka kwenye kiwiko, akilichukua bakuli, akilibana shavuni. Mama alikula tambi zote. Alikunywa mchuzi wote. Yale mawe yaliyobaki chini aliyatafuna kama mtoto. Sote tulisubiri atapike. Hakutapika. Alisema, "Nipe tena."

Kukhu hakusema amekosea. Kukhu hakuwa mtu wa kusema hivyo. Alichovya kidole kwenye sufuria, akalamba. "Chumvi imepungua," akasema. Halafu, akiwa amejifunika gunia kichwani tayari kuondoka, akamshika Mwalimu mkono. "Jumamosi," akamwambia. "Usiende mahali."

Hakuna aliyenieleza Jumamosi kuna nini. Asubuhi nilipewa mahindi mengi kuliko kawaida nipeleke kusagwa. Foleni ya poshomili ilikuwa ndefu, na jua lilikuwa juu nilipoanza kurudi na unga kichwani. Nilikuwa bado upande wa pili wa miwa nilipousikia ule mlio.

Nyinyi mliokulia huku mnaujua mlio wa msiba. Huanza na sauti moja, halafu nyingine inaidaka, halafu wanawake wote. Na ulikuwa unatoka kwetu.

Sikumbuki niliutua wapi unga. Nilimkuta mzee wa jirani akipasua kuni kwenye lango letu, nikamuuliza nani amekufa. Akaacha shoka, akanitazama kwa huruma, akasema, "Ni mama, mtoto wangu. Pole sana." Na akaendelea na kuni.

Nilipita katikati ya wanawake. Walikuwa wengi, wa kanisani na wa sokoni, mikeka imetandazwa uwanjani, wengine wanaimba, wengine wanalia wakizunguka nyumba wakiita "Mama! Mama!", moto mkubwa umewashwa, na sufuria za kuazimwa juu yake. Nilitafuta jeneza. Hakukuwa na jeneza. Nilikwenda nyuma ya migomba kutafuta shimo, hakukuwa na shimo. Nikamuuliza mwanamke mmoja mwili uko wapi, akasema uko mbali, ng'ambo. Nikamuuliza mwingine, akasema ulichomwa. Walikuwa wamemchoma Mama nikiwa poshomili.

Nikamwona barazani. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, mgongo umeegemea mguu wa cherehani yake, amekonda, yuko hai. Kichwa cha Mwalimu Haruko kilikuwa mapajani mwake. Kwenye meza mbele yao kulikuwa na picha ya yule mwanamke wa aproni, na mtu alikuwa ameizungushia maua ya bougainvillea ya kwenye ua wa shule.

"Unga uko wapi?" Mama akaniuliza.

Nilisimama tu nikimwangalia.

Mengine niliyajua kwa vipande, miaka ikipita. Kwamba kwao, siku chache za kila kiangazi, wafu hurudi nyumbani na huwekewa chakula. Kwamba Kukhu alikuwa ameenda nyumba kwa nyumba akiwaambia wanawake kuna mtoto wa watu kafiwa na mama yake katikati yetu na hajalia, na kwamba ni aibu kwa Navakholo nzima. Kwamba wengine walibisha, wakauliza utamliliaje mtu usiyemjua hata jina, na Kukhu akawaambia basi njooni mlilie wa kwenu, machozi hayaulizi. Kwamba Mwalimu alitaka kuwapikia waombolezaji rameni ya Yamagata jinsi mama yake alivyoipika, na wanawake wakaonja ule mchuzi baridi, wakatazamana, wakamwomba kwa upole aupashe moto. Akaupasha. Kukhu akachinja ingokho mbili, kuku wa kienyeji, zikaingia humo, na mafuta yake hayakuenguliwa. Wakaila na obusuma. Mwalimu alimwambia Mama kwamba hiyo sasa ni rameni ya Navakholo, na hakuna mji mwingine duniani utakaoipika. Aliondoka kwenda kwao mwisho wa mwaka. Mdogo wangu alizaliwa baada ya yeye kuondoka, salama, mkubwa na mwenye kelele. Kukhu alimwita Wanjala, kwa ile njaa ya mama yake. Sasa ni kijana mrefu kuliko Baba na hali chakula kilichopoa hata umlipe.

Mwaka huu nilimuuliza Mama, hatimaye, lile bakuli lilikuwa la mgonjwa au la marehemu. Alikuwa akichambua mboga. Alisema hajui. Alisema hata Haruko, anadhani, hakujua. Akaniambia nichukue kisu nisaidie.

Lakini alasiri ile sikujua lolote kati ya haya. Nilikuwa nimesimama barazani mbele ya picha ya mgeni, na watu wote wananililia mama ambaye hakuwa amekufa. Mwalimu akainua kichwa. Macho yake yalikuwa yamevimba mpaka hayaonekani. Alikuwa analia kwa sauti, mdomo wazi, kama walivyokuwa wakilia wanawake wetu, na sikuwa nimewahi kumwona mtu mzima aliyeonekana amechoka na kupumzika kwa wakati mmoja. Akaninyooshea mkono.

Nikaenda nikakaa kwenye mkeka kati yao, na mara nikaanza kulia mimi pia. Nililia mpaka nikapata kwikwi. Mwalimu akanikumbatia, akanifuta kamasi kwa ncha ya leso ambayo Kukhu alikuwa amemfunga.

"Asante, Nafura," akasema. "Asante kwa kumlilia mama yangu."

Nikaitikia kwa kichwa. Mama yangu mwenyewe alikuwa nyuma yangu, mtu alikuwa amempa kipande cha tango, naye alikuwa akikitafuna kwa sauti, krachi, krachi, na mimi nilikuwa nalia kwa sababu nilikuwa namsikia.